Udongo ulifyonza au ulinasa?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu asili ya uhai niliandika kwamba huenda udongo wa mfinyanzi "ulifyonza" molekuli za mwanzo hadi zikaungana. Mhariri amefuta, ameweka "ulinasa". Mbona maji husemwa yanafyonzwa na udongo? Nani kakosea?

JIBU: Kwa sentensi hiyo umekosea wewe. Kwa maji, uko sawa.

Kufyonza ni kuvuta kitu kiingie ndani. Mbu hufyonza damu, mzizi hufyonza maji, kinachofyonzwa huzama. Sasa tazama hoja ya mwanafizikia J. D. Bernal ya mwishoni mwa miaka ya 1940: katika bahari za kale molekuli zilitawanyika mno hata zisikutane, na udongo ndio uliozikusanya kwenye nyuso za matabaka yake, kila tabaka unene wa nanomita 1 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Hazikuzama popote, zilishikwa usoni. Ndege akinaswa na ulimbo, nani atasema ulimbo umemfyonza?

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mwaka 1996 mkemia James Ferris na wenzake walionyesha kuwa juu ya montmoriloniti, mojawapo ya madini ya udongo huo, nyukleotidi (vipande vinavyojenga RNA, molekuli ya urithi) zilizoandaliwa kikemia ziliweza kuungana kuwa minyororo ya vipande 50 hivi. Ziliungana kwa sababu zilishikwa karibu karibu. Ukiandika "ulifyonza", msomaji anaona zimemezwa, na kilichomezwa hakiungani na kitu.

Maji ni habari nyingine. Montmoriloniti huyaingiza kati ya matabaka yake ikavimba, kwa hiyo hapo "hufyonza" ni neno lenyewe. Gusisha ncha ya ulimi kwenye bonge kavu la udongo: bonge linafyonza mate, linanasa ulimi. Vitenzi vyote viwili kwa mguso mmoja.

(Na umefanya vyema kuandika "udongo wa mfinyanzi". Wanaoacha "wa" wanasahau kuwa mfinyanzi ni mtu.)

Hata hivyo "ulinasa" nayo hainiridhishi sana. Ina harufu ya mtego, nayo minyororo hiyo ilipaswa kuachiliwa baadaye. Mimi ningeifanya molekuli iwe mtenda, nikatumia "gandama": kiambishi -am- kinaeleza hali ya kukaa hivyo, kama katika inama na fungama, bila kudai kwamba haitatoka. Mwambie mhariri ajaribu hii: "Huenda molekuli ziligandama kwenye nyuso za udongo, zikaungana, kisha zikabanduka."