Ukiomba hela za sanaa Marekani, omba na za basi

Wenzangu mnaoendesha vikundi vya Waswahili huku Marekani, wengi mnadhani hela za sanaa ni za makumbusho makubwa tu, kumbe wapi, mfuko wa Henry Luce Foundation wana programu ya sanaa ya Marekani tangu 1982, Terra Foundation walifunga jumba lao la makumbusho Chicago 2004 na bado wanatoa ruzuku, halafu kila jimbo lina ofisi yake ya sanaa. Hela zipo jamani, shida ni tunavyoziomba.

Andiko langu la kwanza, la kuwakutanisha akina mama wa kikundi chetu na sanaa, lilikataliwa. Nilijaza maneno ya kuinua uelewa wa jamii, bajeti yote ikaishia kwenye mabango, ukumbi na mtoa mada, afisa wa ule mfuko akaniuliza kitu kimoja tu, hao akina mama watafikaje? Sikuwa na jibu kabisa, na iliniuma kwa sababu nilikuwa najua fika kwamba wengi wao hawana gari.

La pili nikaanza na watu. Basi la kukodi kwenda na kurudi, chakula cha mchana, dada wa kukaa na watoto, mkalimani wa kulipwa, sio mtoto wa shule anayemtafsiria mama yake. Likapita, tukaenda jumba la makumbusho la Phillips Collection pale Washington kuona picha za mchoraji Jacob Lawrence za weusi wa Marekani waliohama kusini kwenda kaskazini, ziko 60, alizimaliza 1941 akiwa na miaka 23 tu, za namba witiri ziko hapo na za namba shufwa ziko makumbusho ya MoMA New York. Na yeye alizichora kwa msaada wa mfuko wa Julius Rosenwald, kwa hiyo msione aibu kuomba.

Picha ya kwanza ni stesheni, watu wamebanana wanasukumana kwenye milango mitatu, juu imeandikwa Chicago, New York, St. Louis. Mama mmoja mkimbizi wa Bukavu alisimama pale mpaka wenzake wakamwacha, kashika ncha ya kitenge, mwisho akauliza, "Hawa ni nani aliwachagulia mji?" Akaambiwa walichagua wenyewe. Akasema, "Siye tulipangiwa." Basi wote wakarudi pale, ikawa saa nzima kila mtu anasimulia alivyofika.

Kama kikundi chenu hakina usajili wa 501(c)(3), yaani wa asasi isiyo ya faida, tafuteni asasi yenye nao ikubali kupokea hela kwa niaba yenu, itakata asilimia fulani, makubaliano yawe kwa maandishi. Na pigeni simu kwa afisa wa mfuko kabla hamjaandika hata mstari mmoja, wanapokea na wanasaidia kweli.

Kwenye ripoti niliandika swali la yule mama kama alivyolisema. Mwaka uliofuata tukaomba mabasi mawili.