Maswali na Majibu: Soketi za Muda Kwenye Mjengo

Barua za safari hii, za Lamu na za Malindi, zimeangukia jambo moja: umeme wa muda kwenye mijengo. Nimezipanga jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kufunga kwanza na kung'oa mwisho. Msimamo wangu niutoe mapema. Soketi ya muda yataka uangalifu kuliko ya kudumu, maana ya kudumu hainyeshewi, haipigwi toroli, wala haivutwi na kibarua anayekimbizana na zege.

Salamu alaikum fundi. Naongeza ghorofa nyumbani Shela. Mafundi wanataka kuvuta eksitensheni kutoka jikoni kwa jirani. Yatosha?

Wa alaikum salamu. Haitoshi, hata kama jirani ni shemeji yako. Soketi za jikoni zilipigiwa hesabu ya friji na birika. Grinda kubwa ya wati 2,000 peke yake yavuta zaidi ya ampea 8 kwa volti 240. Ongeza pampu ya maji na drili, na mwisho wa siku jirani atakuwa gizani nawe umeunguza waya ulio ndani ya ukuta wa watu.

Fungeni sanduku la mjengo lenye laini yake, likiwa na swichi kuu, breka ya kila soketi, na juu ya yote RCD ya miliampea 30. Hicho kifaa cha mwisho ndicho wenye mijengo wengi hukifuta kwenye orodha ya dukani ili kuokoa pesa, kwa hiyo nikieleze. Breka ya ampea 16 kazi yake ni kulinda waya usiungue, na hungoja mpaka mkondo upite hizo 16. Mtu huuawa na sehemu ndogo sana ya ampea moja, kwa hiyo breka itabaki imetulia huku kibarua amegandishwa na grinda. RCD hulinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Ikiona miliampea 30 hazikurudi, yaani zimepitia kwingine, labda kwenye mwili wa mtu, hukata kabla ya sekunde 0.3 kuisha.

Soketi zenyewe zisiwe zile nyeupe za sebuleni. Tafuteni za viwandani, za buluu, zenye pini za duara na kifuniko cha springi, zilizoandikwa IP44. Nne ya kwanza ina maana kwamba kitu kinene kuliko milimita moja hakiingii. Nne ya pili ni kwamba maji yakirushwa kutoka upande wowote hayaleti madhara. Kama vyombo vyenu vina plagi za kawaida za pini tatu, zipo soketi za nje zenye kifuniko zinazozipokea.

Sasa mahali pa kufunga. Msiligongomee sanduku kwenye ukuta utakaopigwa lipu, maana siku hiyo fundi wa lipu atalisogeza mwenyewe kwa mwiko, likiwa na moto. Simamisheni nguzo ya mbao yenye ubao imara, sanduku liwe kati ya kiuno na kifua, kebo iingie kwa chini, na kabla ya kuingia ining'inie kidogo ili maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani. Na ikiwa nyumba ni ya zamani, nguzo itawaokoa pia na kutoboa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Tundu la skrubu kwenye lipu ya miaka mia mbili halibaki kuwa tundu la skrubu. Hubomoka na kuwa shimo la ngumi.

Mjengo wangu uko Malindi, karibu na ufuo. Fundi amepigilia nondo ya athi futi nne kwenye mchanga mkavu, anasema imemalizika. Nimwamini?

Mwambie alete mita ya kupimia athi ndipo umwamini. Athi ni njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja, na mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida sana. Chukua mfano kwamba ukinzani wa hiyo nondo umetokea kuwa omu 50. Waya wa moto ukigusa bodi ya mikisa, mkondo utakaopita kwenda ardhini ni 240 ugawe kwa 50, yaani ampea 4.8. Breka ya 16 haitashtuka. Mikisa itabaki na umeme na itazunguka vizuri tu, mpaka aje mtu mwenye miguu mitupu na suruali iliyolowa. RCD hapo hukata mara moja, kwa kuwa ampea 4.8 ni miliampea 4,800. Ndiyo maana kwetu pwani naiona ya lazima.

Athi yenyewe iboreshwe hata hivyo. Nondo iende chini hadi kwenye mchanga wenye unyevu, na ikiwa moja haitoshi, ziwe mbili, zikiachana angalau kwa urefu wa nondo moja, kisha ziungwe. Penye mwamba wa matumbawe msipigane nao. Tafuteni sehemu ya chini ya kiwanja yenye udongo. Ile desturi ya kumwagia chumvi shimoni iacheni, inakula nondo na mvua ikija inasombwa. Na bomba la maji siku hizi ni la plastiki, kulifungia athi ni kujifurahisha.

RCD yetu inakata kila saa. Kibarua mmoja ameirukia kwa waya na sasa kazi inaenda vizuri. Kuna ubaya? (Watamu)

Upo, na leo hii ondoeni huo waya kabla ya kuendelea kusoma.

Umeme unavuja mahali, na kifaa kilikuwa kikiwaambia. Tafuteni hivi: chomoeni kila kitu, washeni RCD. Ikikata bila chochote kuchomekwa, tatizo liko kwenye kebo au ndani ya soketi, na mara nyingi ni unyevu wenye chumvi uliojipaka kwenye vituo vya waya. Utaona ukungu wa kijani juu ya shaba. Ikikaa, chomekeni chombo kimoja kimoja mkikiwasha. Atakayeikata ndiye mwizi. Hukamatwa sana grinda iliyolala nje ikaliwa na umande, pampu ya maji, na eksitensheni iliyokanyagwa na toroli mpaka ganda likachanika. Ikikata tu vyombo vyote vikiwa kazini pamoja, huenda kila kimoja kinavuja kidogo na jumla ndiyo inayozidi. Hapo gawanyeni soketi kwenye RCD mbili.

Kitufe cha T kwenye RCD, cha kuijaribu, kibonyezwe kila asubuhi kabla ya kazi. Kisipokata, sanduku lisitumike siku hiyo.

Tunajenga Manda, tunatumia jenereta. Tumefunga RCD, tukibonyeza kitufe inakata. Tuko salama?

Swali zuri, na jibu lake huwashangaza hata baadhi ya mafundi. Kitufe kinaweza kuwadanganya. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na bodi wala na ardhi, inaelea. Umeme unaovuja kwenda ardhini hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, kwa hiyo RCD haioni tofauti yoyote. Lakini kitufe cha T hutumia njia yake ndani ya kifaa chenyewe, moto na nyutro, kwa hiyo kitakata hata kama athi haipo kabisa. Mnafurahi bure.

Hitilafu moja kwenye mfumo wa namna hiyo inaweza isimuumize mtu. Shida ni ya pili. Kebo imechunika upande wa kisimani na nyutro inagusa maji, kisha huku juu mtu anashika waya wa moto: sasa njia imekamilika kupitia kwake. Dawa ni fundi mwenye ujuzi asome kitabu cha jenereta, apime, na ikiwa inaruhusu, aunganishe nyutro na bodi mahali pamoja tu, pale kwenye jenereta kabla ya RCD, kisha aipeleke ardhini kwa nondo. Halafu apime kwa kifaa cha kupimia RCD kwenye soketi, asitegemee kitufe.

Jingine mlilolitaja kwa kupita kwenye barua: kuchomeka jenereta kwenye soketi ya nyumba kwa kamba yenye plagi dume pande zote mbili, ili mpate taa za ndani pia. Hapana. Pini zake zikiwa nje zina umeme. Tena, laini ya Kenya Power ikiwa imekatika nanyi hamjazima swichi kuu, umeme wenu hutoka hadi transfoma ya mtaani, na transfoma hufanya kazi kinyume vilevile: volti 240 zenu zinapanda kuwa 11,000 kwenye nguzo ambako mtu wa watu anatengeneza waya akijua umezimwa. Fungeni swichi ya kubadili laini, inayokata moto na nyutro pamoja, au msiguse nyumba.

Grinda inapoteza nguvu na kupata moto tukiwa mbali na soketi. Ni grinda au umeme?

Ni kebo. Waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 50, ukibeba ampea 10, hupoteza takriban volti 14.5. Wa milimita 2.5 hupoteza kama 9. Nunueni wa 2.5 au sogezeni sanduku. Na eksitensheni ya gurudumu ikunjuliwe yote hata kama mwahitaji mita tano tu. Ikibaki imeviringwa, joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka ndani kwa ndani.

Kebo yetu inakatiza kichochoro Langoni. Watu wa punda wanalalamika.

Wana haki. Punda akibeba mifuko ya saruji, na mwenye punda amekaa juu ya punda wa nyuma akisema na simu, kebo iliyo kimo cha shingo ni mtego. Ipitisheni juu kabisa, ifungwe kwenye waya wa chuma uliokazwa ukutani hadi ukutani ili uzito usibebwe na shaba, na iwekeeni kitambaa cheupe ionekane. Chini haifai kabisa: kwato, mikokoteni na maji ya mifereji vitaimaliza.

Lazima fundi awe na leseni kwa kazi ya muda tu?

Ndiyo. Leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, haitofautishi kazi ya wiki mbili na ya miaka. Mwombe akuonyeshe. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai mwenye kuajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama, kwa hiyo usiseme "ni shauri la kontrakta."

Nyumba imekwisha, Mkomani. Fundi amekata waya wa soketi za muda, amezungusha tepu, mwingine amepiga lipu juu. Anasema hauna moto. Nifanyeje?

Mama, usitundike picha ukuta huo kwanza. Tepu kwenye hewa yetu ya chumvi hulegea, na "hauna moto" ni neno la siku ile. Mtu akija kuinua breka isiyoandikwa jina, waya unafufuka. Tafuta fundi mwingine aufuatilie huo waya hadi sandukuni unakotoka, autoe pale, kisha afungue lipu.

Kwa wengine ambao hawajafika hapo, kung'oa kuna mpangilio wake. Watangazieni watu wote wa mjengo saa ya kuzima, maana kuna atakayeona taa imezimika akaenda kuiwasha kwa wema. Zimeni swichi kuu, ipigwe kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Kisha pimeni. Ile bisibisi yenye taa ndogo isiaminiwe peke yake. Kwenye jua la saa saba taa yake huioni, na ukisimama juu ya ngazi kavu inaweza isiwake kabisa. Tumieni mita ya nyaya mbili: ijaribuni kwanza mahali mnapojua pana umeme, pimeni moto na nyutro, moto na athi, nyutro na athi, halafu irudisheni pale penye umeme mhakikishe haikufa katikati ya kazi.

Anzeni kufungua upande umeme unakotoka, si upande wa soketi. Utoke moto, kisha nyutro, na athi ya mwisho. Wakati wa kufunga ilikuwa kinyume, athi ilitangulia. Msiamini rangi. Mjini mna nyaya za mtindo wa zamani, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro, na za mtindo mpya, kahawia ni moto na buluu ni nyutro. Kwenye laini tatu za mtindo mpya nyeusi nayo ni moto. Mjengo uliopitiwa na mafundi watatu huwa na zote.

Kebo ivutwe yote itoke. Ikikwama, ncha zote mbili zisiunganishwe na umeme wowote, zikae kwenye boksi lenye kifuniko kinachofunguka, na mchoro wa nyumba uonyeshe ilipo. Matundu ya ukuta wa zamani yajazwe chokaa. Saruji ni ngumu mno kwa mawe yale na huzuia unyevu usitoke.

Soketi hizo nizitumie mjengo mwingine?

Tumia, ila fungua kila moja kwanza. Shaba ya kijani kata hadi ufikie inayong'aa. Usipoifikia, tupa hiyo kebo. Pini zilizoungua nyeusi, kifuniko kisichorudi chenyewe, mpira wa kuziba uliokauka: tupa. Zilizobaki pangusa kavu, kebo zitundike zikiwa zimeviringwa kwa ulegevu mbali na saruji, na RCD ipimwe upya kwenye kiwanja kipya, kwa sababu athi ya huko si hii.