Uliza Nikujibu: Salamu za nusu ukurasa, na kitufe cha "jibu wote"

Wiki hii maswali yote ni ya imeli, sijui mmeambiana. Nimechukua matatu.

SWALI: Binti yangu, salaam aleikum. Mimi ni mstaafu wa bandarini, nakaa Tudor. Mjukuu wangu amenifungulia imeli na naandikia ofisi ya pensheni kuhusu pesa zangu. Naanza vizuri, nauliza hali zao na za watoto wao, nawaambia huku sisi wazima twamshukuru Mungu, ndio naingia kwenye maneno. Nimeandika mara nne, hawajajibu. Mjukuu asema nawafokea. Nimemfokea nani mimi? (Mzee wa Tudor)

JIBU: Aleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Ile uliyonitumia nimeisoma yote na sijaona tusi hata moja, ila umeandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, UNAONA KAMA HIVI, na kwa watu wa mtandaoni hizo ndizo kelele zenyewe. Si mjukuu aliyelitunga, kuna mwongozo wa adabu za intaneti wa 1995, waitwa RFC 1855, na hilo limo ndani, kwamba herufi kubwa ni kama kupiga mayowe. Najua kwa nini waziandika, ni macho. Basi usikuze herufi, kuza skrini. Kwa kompyuta shikilia Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha, maandishi yatakuwa makubwa kwako wewe tu, karani ataona ya kawaida.

Sasa salamu. Hapa mimi na mjukuu wako hatuko pamoja, pengine yeye ataka uanze tu "naomba kujua pensheni yangu", kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi. Sisi tumelelewa na barua za "ama baada ya salamu, lengo na madhumuni ya waraka huu", na hio hodi ni nzuri sana, lakini kwenye imeli hodi ni mstari mmoja. Maanake karani akifungua kompyuta asubuhi azikuta zimejipanga kama makasha ya machungwa, aona jina la mtu, aona mada, na maneno machache ya mwanzo, basi. Yako aona nini? Mada umeiacha tupu. Maneno ya mwanzo ni "NI MATUMAINI YANGU KUWA WEWE NA". Akapita. Mi nlihesabu mzee wangu, neno pensheni limekuja mstari wa kumi na tisa, baada ya mvua na baada ya goti lako (pole na goti).

Jaribu hivi. Pale pa mada andika "Pensheni haijaingia tangu Januari", na nambari yako ya ustaafu hapo hapo. Chini yake: "Habari za asubuhi. Mimi ni fulani bin fulani. Pensheni yangu haijaingia tangu Januari, naomba kujua imekwama wapi na nilete karatasi gani. Ahsante sana." Jina, nambari ya simu, umemaliza. Na usianzishe barua ya tano mpya, fungua ile ya nne uliyoituma ujibu humo humo, ili ile ya zamani ibaki chini yake na aone tangu lini wangoja. Habari za watoto wao utawauliza siku ukienda mwenyewe.

SWALI: Dada, nafanya kazi ofisi ya kliaringi hapa mjini. Mteja alituma imeli ya tatu siku moja akiuliza kontena yake, mi nikataka kumchekesha mwenzangu wa dawati la pili nikaandika "mwambie kontena haina miguu, kelele zake kama kunguru wa Marikiti", nikabonyeza jibu wote. Bosi yumo. Mteja yuko Dubai lakini ni mtu wa Lamu, kila neno amelielewa. Nlijaribu kuirudisha kwa Outlook ikamwendea nyingine kumwambia nataka kuirudisha. Nifanyeje? (Nimeaibika, Kisauni)

JIBU: Uwii mamangu! Nimecheka kwanza, nisamehe. Hio ya kurudisha hufanya kazi kwa mlio ofisi moja tu, mtu wa nje haimfutii kitu, tena yamwita aje asome. Gmail nayo ina "tendua", ukiiacha ilivyo yakupa sekunde 5, ingia kwa mipangilio uiweke 30, na wala si kwamba yairudisha, ni kwamba bado haijatoka. Lakini hayo ni ya kesho.

Leo mpigie simu. Si imeli, maana ukituma tena kwa wote na pole ndefu utakuwa wamwaga chai mara ya pili mbele ya wageni wale wale. Sema ni mimi nlieandika, nimekosa, niwie radhi, usitaje mzaha wala uchovu, kisha mpe habari ya kontena yake imefika wapi na itatoka lini, kwa sababu hicho ndicho alichouliza mara tatu na mpaka saa hii hajajibiwa! Hapo nakukasirikia kidogo. Na bosi mwendee kabla hajakuita.

Usidhani ni wewe peke yako. Zamani nlikuwa nataipu kwa saiba moja mjini, mteja akataka nimfowadie imeli kwa mwenye nyumba, nikafowadi bila kuteremka chini. Kule mwisho wa mkufu wa imeli zilizotangulia kulikuwa na ya wiki mbili nyuma, mkewe amemwandikia "huyo mchoyo asikuzungushe". Mwenye nyumba alisoma mpaka chini. Tangu siku hio sifowadi kitu kabla kidole hakijafika mwisho kabisa, na yasiyomhusu mtu nayafuta.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama chetu cha akina mama Likoni, tuko 64. Nikituma taarifa ya mkutano kila mtu aona anwani za wote, na kuna mmoja ameanza kuwauzia wenzake sufuria. Nifiche vipi?

JIBU: Pale pa "Kwa" weka anwani yako mwenyewe, wengine wote uwaweke BCC. Hilo ni jina la enzi za taipureta na karatasi ya kaboni, kopi ambayo wenzio hawajui umepewa. Tena anwani ya mtu ni yake, Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, si heshima tu. Na mtu akibonyeza jibu wote itakuja kwako peke yako, hamtaletewa "sawa", "sawa", "inshallah" mara sitini na tatu. Huyo wa sufuria mi ningemnunulia moja ndio nimvute pembeni.

Na wewe kijana wa Changamwe ulioniletea imeli haina mada haina neno, ndani kiambatisho tu chaitwa "sivii mpya mwisho kabisa 3", sikuifungua, namna hio ndio virusi huja. Kipe jina lako hicho kitu, andika mistari miwili wataka nini, utume tena.