Usifukie hilo shimo leo

Weka sepetu chini kwanza. Nimesoma swali lako mara moja tu na damu ikaanza kunichemka. Unasema bomba la sprinkla lilipasuka chini ya nyasi huko Kiamunyi, umelifukua mwenyewe, umekata kipande kibovu, umeunga kipya kwa soketi mbili (vile vipande vya kuunganishia bomba) na gundi leo saa nane mchana, na jioni hii unafukia kwa sababu Jumamosi una wageni. Halafu ukauliza kama nyasi zitashika tena. Nyasi zitangoja. Usifukie.

Mimi naishi London. Ule mtaa wa Nakuru, pale chini ya mlima Menengai, kabla mtu hajaniuliza nilipataje viza. Nami yalinikuta kama yako: siku moja nilikuwa nachimba shimo la mparachichi, sururu ikagonga kitu. Mama watoto akasikia "ko!" akauliza kutoka jikoni ni nini hicho. Nikamwambia ni jiwe. Jiwe likaanza kutoa maji.

Bomba lenyewe ni PVC, plastiki ngumu, ya inchi moja, limelala sentimita 30 hivi ardhini. Linatoka kwenye pampu kando ya tangi la lita 5,000, linapita chini ya kabro, vile vitofali vya njia ya kuingilia gari, ndipo linafika kwenye vali za sprinkla, zile zinazofungua na kufunga maji. Hapo sikiliza vizuri. Kipande kilicho kabla ya vali kina presha usiku na mchana, hata kama hakuna sprinkla inayozunguka. Kilicho baada ya vali kinapata presha wakati wa kunyunyizia tu. Wewe hukusema ufa wako uko upande gani, na hilo ndilo swali ambalo ungeanza nalo. Wangu ulikuwa kabla ya vali, hatua mbili kutoka kwenye kabro.

Nikaenda hadiwea moja mjini, sitaitaja, nisije nikaambiwa nawaharibia biashara. Kijana wa kaunta, kalamu juu ya sikio, akanipa soketi mbili na mkebe mdogo wa gundi. Nikamuuliza, bomba bado linadondosha maji kidogo, hii itashika kweli? Akacheka. "Mzee, hii inashika hata kwenye mvua. Ngoja dakika kumi, fungulia maji." Sijui maneno hayo aliyatoa wapi. Kwenye mkebe hayapo. Mkebe unasema bomba liwe safi na kavu, lakini mimi niliusoma baada ya wiki mbili, wakati kusoma hakukuwa na faida tena. Na yule bwana wa kwenye video, Mmarekani mwenye ua mkavu kama sakafu ya benki, naye sijamsamehe. Anaunga bomba, anafukia, muziki unacheza, dakika nne kwisha. Video imekatwa katikati! Huoni alingoja saa ngapi.

Ngoja nikueleze jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua. Gundi ya PVC haibandiki kama gundi ya viatu. Inayeyusha kidogo plastiki ya bomba na ya soketi, zikishikana zikakauka zinakuwa kitu kimoja. Sasa tone la maji likiingia kati, pale lilipopita plastiki haiyeyuki. Panabaki kinjia chembamba kama uzi. Bomba langu linateremka kutoka upande wa mlima, kwa hiyo maji yaliyobaki ndani yalikuwa yanachuruzika taratibu kuja kwangu. Nikafuta kwa fulana. Nikapaka gundi. Nikafuta tena. Nikasukuma soketi na tone jingine likiwa njiani. Nililiona, kwa macho yangu mawili, nikasema si kijana alisema inashika hata kwenye mvua?

Nikangoja dakika kumi kama nilivyoagizwa. Nikawasha pampu, nikachuchumaa juu ya shimo. Kavu. Dakika tano, bado kavu. Nikafukia, nikashindilia kwa buti, nikarudisha nyasi, nikapiga picha na kuituma kwenye kikundi cha familia: "Nani alisema tunahitaji fundi?" Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni mabomba, akajibu kwa kidole gumba. Siku hizi ninaelewa kile kidole kilimaanisha nini.

Alfajiri tukaondoka kwenda matanga Kakamega. Siku tisa.

Fanya hesabu mwenyewe. Lita moja kwa dakika ni kitu kidogo, ni mfereji uliofungwa vibaya. Kwa siku ni lita 1,440. Tangi langu lilikauka siku ya nne. Na ile pampu yangu ni ya kujiendesha: presha ikishuka inajiwasha, ikipanda inajizima. Kwa hiyo siku hizo zote ilikuwa inaamka na kulala, inaamka na kulala, kama mtoto mwenye homa, na maji yalipoisha ikazunguka bila kitu mpaka ikaungua. Kifaa cha kuizima tangi likikauka haikuwa nacho. Nilikuwa nimeokoa pesa hapo pia, mimi ni bingwa wa kuokoa pesa.

Hayo ya pampu bado ni madogo. Udongo wetu huku ni majivu ya volkano, wenyeji mnaujua. Ukiwa mkavu unausifia ni imara. Upitishie maji uone, unasafiri nayo. Maji yakafuata mtaro wa zamani wa bomba, yakaingia chini ya kabro, yakabeba udongo mdogo mdogo mpaka kwa jirani wa chini. Siku ya tatu jirani alinipigia kuniuliza kama nimechimba kisima. Simu nilikuwa nimeizima, niko mazishini.

Tukarudi jioni. Nikafungua geti, nikaingiza gari, na gurudumu la mbele la kushoto likazama. Si kidogo. Bampa ikalala juu ya kabro. Chini palikuwa na pango tupu, vile vitofali vilikuwa vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe kwa huruma ya Mungu. Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Pampu mpya 16,500. Bauza, lori la maji, 5,500. Kung'oa kabro, kujaza murram, kushindilia na kupanga upya 24,000. Hiyo ni 46,000, na fundi ambaye nilikuwa namkimbia alikuwa amesema 2,500 tangu mwanzo. Soketi mbili na gundi zilinigharimu 270. Mpaka leo mtu akitaja 270 nyumbani kwangu, hata kama ni bei ya sukari, watoto wanaangaliana.

Na unajua nilipofukua nilikuta nini? Soketi safi, inang'aa. Kwa juu hakuna kitu. Ilibidi nilale kwa tumbo, niweke kioo cha kunyolea chini yake, ndipo nikaona maji yanatoka upande wa chini, mrusho mwembamba ambao hata haukupiga kelele. Zile dakika tano zangu za kuchuchumaa yalikuwa yanaingia udongoni bila mimi kujua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka mnifukuze humu: shimo lilale wazi. Usiku mzima, presha ikiwa ndani. Weka kipande cha katoni kikavu chini ya kila jointi, si kando, chini kabisa. Asubuhi ukikuta katoni kavu, fukia. Ukikuta hata alama ya maji ndogo kama sarafu, kata. Usipake gundi juu, usifunge mpira wa tyubu, usimwage simiti. Kata.

Ukiogopa bomba litaruka likipata presha, rudishia udongo kidogo katikati ya bomba na uache jointi tu zikionekana. Fungulia maji polepole, hewa itoke. Kama kipande chako ni kile cha baada ya vali, basi nyunyizia mara tatu nne kabla ya kulala, maana bila hivyo hujapima kitu, umelaza bomba tupu.

Na kama itabidi ukate tena (samahani, lakini gundi ya saa nane na bomba lililokuwa na maji, mimi ningeshangaa usipokata), chimba urefu zaidi, karibu mita moja kila upande. PVC haipindi kwenye shimo fupi. Ukiilazimisha, soketi haiingii hadi mwisho, unajidanganya imeingia. Usipotaka kuchimba, weka yunioni, kile kiungio cha kufungua na kukaza. Kata ncha iwe sawa, isiwe mshazari, ondoa makapi kwa msasa, kausha. Maji yakikataa kuisha, fungua sprinkla ya chini kabisa yatoke huko. Yakikataa kabisa, chukua mkate mweupe, toa ganda, finyanga donge usukumize ndani ya bomba. Usicheke. Unanyonya maji muda wa kutosha upake gundi, halafu unalainika na kutoka. Ila ung'oe kichwa cha sprinkla ya mwisho kwanza upitie hapo, la sivyo utakuwa unanyunyizia nyasi sandwichi. Paka bomba na ndani ya soketi, ingiza huku ukizungusha robo, shikilia nusu dakika isijisukume nje. Mimi sifungulii maji kabla ya kesho yake saa ile ile. Najua wako watakaosema saa mbili zinatosha. Wao hawakumzamisha mama mkwe.

Kama bomba lako ni lile jeusi la kujikunja, gundi haina kazi hapo kabisa, haliyeyuki. Nunua viungio vya kukaza kwa mkono. Lakini hata hivyo shimo lilale wazi.

Wageni wa Jumamosi wawekee bati juu ya shimo na mawe pembeni, watoto wasitumbukie. Mtu aliyekuja kula mbuzi hana haja ya kukagua nyasi zako. Mimi jointi yangu ya pili niliiacha wazi usiku tatu, mvua moja ikanyesha, nikaanza upya kuhesabu.

Kesho saa nane mchana nenda kafungulie maji, uweke hizo katoni. Keshokutwa asubuhi tuma picha hapa. Ya upande wa chini.