Kijana wa fomu tu anayeruka mistari akisoma

Dada, hapo uliposema kijana wako wa fomu tu anaruka mistari akisoma na mwalimu anamwita mvivu, mi nakataa kabisa. Mtoto anayekuelezea kwa mdomo damu inavyozunguka kwenye moyo, vyumba vyote vinne, halafu akipewa karatasi anaandika b kwenye d na kuruka mistari, huyo si mvivu jamani, ulizia habari ya disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, haina uhusiano wowote na akili ndogo.

Kwanza mpeleke akapimwe macho na masikio pale hospitali ya Bombo hapa Tanga, usianze kubahatisha. Majibu yakitoka sawa nenda ofisi ya elimu ya jiji, muulizie afisa wa elimu maalumu, tena nenda mapema maana NECTA, baraza la mitihani, wana utaratibu wa muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu lakini maombi yanapitia shuleni, huwezi kukurupuka wiki ya mtihani.

Nyumbani sasa, msomee wewe kwa sauti yeye afuate kwa kidole au rula chini ya mstari, dakika kumi na tano tu mpumzike, na kama ni topiki mpya ya bailojia mwelezeni kwanza kwa Kiswahili ndo aende kwenye kitabu cha Kiingereza, manake pale anapigana na vitu viwili kwa mpigo. Mwombe mwalimu amhoji kwa mdomo na asimsimamishe kusoma mbele ya darasa, hilo linawaumiza sana watoto hawa.

Uko Ngamiani au Chumbageni? Nipo Tanga hapahapa, ukitaka mtu wa kwenda naye hapo shuleni niambie.