Naenda Davos mwezi wa pili, hiyo namba 3 nisiijali?

SWALI: Shikamoo anti. Mwezi wa pili naenda Uswisi kwa shemeji, wanakaa Davos na wameahidi kunipeleka kuskii. Nafuatilia hali ya hewa kwenye simu naona mjini -4, theluji chini sentimita 60, juu 140, halafu hatari ya maporomoko 3 kati ya 5. Si wastani tu hiyo? Na jaketi la mtumba la Karume litafaa? – Mama Nasra, Tabata

JIBU: Marahaba Mama Nasra. Tuanze na hiyo 3 maana ndo imenishtua, usiisome kama maksi za shule. Kila ngazi hatari inaruka sana, na watu wengi wanaokufa kwenye maporomoko ya theluji wanakufa siku za 3, kwa sababu siku ya 5 kila mtu kajifungia ndani ila siku ya 3 jua linawaka, theluji mpya inang'aa, mtu anatamani atoke nje ya njia akateleze peke yake kwenye mteremko mkali, ukishazidi nyuzi 30 hapo ndo inapomeguka. Ukifukiwa, baada ya robo saa hivi uwezekano wa kutolewa hai unashuka vibaya mno. Sasa hiyo namba inahusu nje ya njia zilizowekwa alama, njia zenyewe kuna watu wanazikagua na kuzifunga, kwa hiyo baki ndani ya alama na ikifungwa usipite hata shemeji akisema haina shida. Taasisi ya theluji iko hapohapo Davos, inatoa taarifa saa 11 jioni na majira ya baridi inarudia saa 2 asubuhi, isomeni kabla hamjatoka.

Hiyo -4 ni ya mjini, mita 1,560. Kila mita 1,000 ukipanda baridi inaongezeka kama nyuzi 6, kwahiyo huko juu inafika -10 na zaidi, na -10 ikikutana na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unaisikia kama -20. Siku nyingine inageuka, chini ukungu na baridi kali, juu jua.

Jaketi la Karume chukua tu, mradi halipitishi maji wala upepo. Jinzi na fulana za pamba acha nyumbani dada, zikilowa zinakugandisha. Miwani ya jua na sanskrini ni lazima, theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi inayounguza ngozi.