Daktari Thomas Hayes hakufia Bilibid

Ndugu, umeuliza kama Thomas Hayes, daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, alifia katika gereza la Bilibid mjini Manila, Ufilipino. La, hakufia humo, ingawa ndimo alimofanya kazi yake kubwa: baada ya kutekwa na Wajapani mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, aliongoza upasuaji, na baadaye hospitali nzima ya wafungwa, akiwatibu wenzake waliodhoofishwa na kuhara damu, beriberi (ugonjwa wa ukosefu wa vitamini B1) na njaa, huku dawa zikiwa haba mno. Usiri nao ulikuwa wa lazima, kwani aliandika kumbukumbu zake kwenye madaftari ambayo angeadhibiwa vikali kama yangeonekana. Aliyaficha humo humo gerezani, nayo yakapatikana baada ya vita.

Desemba 1944 Wajapani waliwapakia wafungwa zaidi ya 1,600, yeye akiwamo, katika meli ya Oryoku Maru, wakawasongamanisha ghalani bila hewa wala maji ya kutosha. Ndege za Marekani ziliishambulia meli hiyo karibu na Subic, ghuba iliyopo Ufilipino, kwa sababu haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha kuwa imebeba mateka. Walionusurika walisafirishwa tena, na tarehe 9 Januari 1945, katika bandari ya Takao huko Taiwan, meli waliyokuwamo, Enoura Maru, ilipigwa mabomu, na hapo ndipo Hayes alipofia. Kwa maoni yangu, linalouma zaidi ni kwamba mabomu hayo yalidondoshwa na ndege za nchi yake mwenyewe.